Nafasi ya Tano Yanitosha

Agosti hii ya 2025 FC United of Manchester inaanza msimu wake wa ishirini na moja, na mimi nimekuwa nikiisoma ratiba ya mechi tangu ilipotoka, nikizipanga zamu zangu za kazi kwa kuifuata. Wasomaji wengi wakiliona jina hilo watadhani nimekosea kuandika Manchester United. Sijakosea. Ni klabu nyingine, yenye uwanja wake, wanachama wake na mikopo yake ya kujengea uwanja huo, nayo inacheza daraja la saba la soka la Uingereza mbele ya watu elfu moja na ushei ambao wengi wao wanafahamiana kwa sura, na baadhi kwa sauti tu.

Nieleze kidogo ngazi zilivyo, maana bila hivyo matumaini yangu hayatapimika. Juu kabisa pana Ligi Kuu, chini yake Championship, League One na League Two. Hizo nne zina jumla ya klabu 92. Kila klabu iliyo chini ya hapo, hata ikiwa na uwanja mzuri na wachezaji wanaolipwa mshahara wa kila mwezi, huhesabiwa kuwa nje ya ligi. Daraja la tano ni moja kwa nchi nzima, la sita limegawanywa kaskazini na kusini, na la saba lina makundi manne, letu likiwa Northern Premier. Bingwa hupanda moja kwa moja, wanaoshika nafasi ya pili hadi ya tano huingia kwenye mechi za mchujo kugombea nafasi moja iliyobaki, na wanne wa mwisho hushuka. Sisi tulishuka kutoka daraja la sita mwaka 2019 na hatujarudi. Msimu wa kwanza baada ya kushuka tulikuwa tukikifukuzia kilele pale korona ilipofunga viwanja Machi 2020, na matokeo yote ya msimu ule yakafutwa. Msimu uliofuata nao ulikatishwa njiani. Ukiniuliza ni nini hasa kilichotukwamisha miaka ile, nitakujibu kwamba mengine yalikuwa yetu wenyewe, lakini lile la 2020 bado linaniuma.

Ninachokitaka msimu huu ni nafasi ya tano. Sisemi ubingwa, kwa sababu shabiki anayetabiri ubingwa mwezi wa Julai anapaswa kunyang'anywa kalenda, na pia kwa sababu ubingwa wa daraja letu siku hizi huchukuliwa na klabu zenye uwezo wa fedha ambao sisi hatuna na, kwa maoni yangu, hatupaswi kuutafuta kwa njia yoyote ile. Msimu uliopita Macclesfield waliutwaa kwa pengo kubwa mno, ikabaki wengine kugombea makombo. Sasa Macclesfield wamepanda, na Worksop Town wamepanda nao kwa njia ya mchujo. Ligi imebaki wazi kuliko ilivyokuwa mwaka mmoja uliopita, na hapo ndipo ninapopata ujasiri wa kusema nafasi ya tano bila kuona haya.

Kwa asiyeijua klabu hii, chanzo chake ni hasira. Mei 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani ilikamilisha kuinunua Manchester United, na sehemu kubwa ya fedha za ununuzi ilikuwa mikopo ambayo mzigo wake ulitwishwa klabu yenyewe. Mashabiki waliokuwa wamepinga mpango huo kwa miezi mingi walikutana, wakajadiliana, wakagawanyika. Wapo waliosema kwamba klabu haiachwi hata ikiwa mikononi mwa nani, na wapo waliosema kwamba wameachwa wao kwanza. Hao wa pili waliunda klabu yao kabla majira ya joto hayajaisha. Jina lilipigiwa kura na wanachama. Wachezaji walitafutwa kwa majaribio ya wazi yaliyovutia mamia ya waombaji. Julai mwaka huohuo timu ilicheza mechi yake ya kwanza ya kirafiki ugenini kwa Leigh RMI, ikatoka sare ya bila bao, na mashabiki wakaingia uwanjani kuwabeba wachezaji begani kana kwamba wametwaa kombe. Ligi ilipoanza walikuwa daraja la kumi, na katika misimu mitatu ya mwanzo walipanda mara tatu mfululizo.

Kanuni zake ni chache na zinaeleweka. Klabu ni mali ya wanachama, kila mwanachama ana kura moja, na mtu aliyetoa pauni elfu kumi kwenye hisa za ujenzi wa uwanja ana kura ileile moja aliyonayo mwenzake aliyelipa ada ya mwaka peke yake. Bodi huchaguliwa. Jezi nyekundu haina jina la mdhamini kifuani. Tangu msimu wa 2009/10 tiketi ya msimu imekuwa ikiuzwa kwa utaratibu wa kulipa unachoweza, juu ya kiwango cha chini kinachopangwa. Ukilinganisha na huko mjini upande wa pili, kwa Manchester United, ambako Novemba 2024 tiketi zilizobaki za msimu zilipandishwa hadi pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee, utaelewa kwa nini baadhi yetu hatuoni kwamba tumepoteza kitu.

Mimi nimekuja huku kwa njia ndefu. Nilikulia Ngamiani, Tanga, na Manchester United niliijulia kwenye kibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, huku mwenye kibanda akisimama mlangoni kuhesabu vichwa na jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Timu niliyoishuhudia kwa macho ilikuwa Coastal Union pale Mkwakwani, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba mpira una harufu: vumbi, jasho na mahindi ya kuchoma. Watoto wa rika langu tulikuwa na timu mbili kila mmoja, moja ya kuiona na nyingine ya kuiota. Nilipohamia Manchester kwa kazi nilidhani nimeikaribia ile ya kuota. Nikakuta kwamba tiketi zake kwa mtu wa zamu, asiyejua wiki ijayo atafanya kazi usiku au mchana, ni shida kuzipata na ghali kuzilipia, na kwamba nilikuwa naitazama kwenye televisheni kama nilivyoitazama Ngamiani, isipokuwa bila wenzangu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ndiye aliyenipeleka Moston, kwenye uwanja wa FC United.

Uwanja wetu unaitwa Broadhurst Park, nao unatimiza miaka kumi mwaka huu. Ulifunguliwa tarehe 29 Mei 2015 kwa mechi dhidi ya kikosi cha Benfica, tarehe ileile ambayo Manchester United iliifunga Benfica na kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1968, na safari hii Benfica walishinda bao moja kwa bila bila mtu yeyote kununa. Kabla ya hapo klabu ilipanga kwa wenyewe, hasa Gigg Lane kwa Bury. Ujenzi uligharimu zaidi ya pauni milioni sita, na takriban milioni mbili za hizo zilitoka kwa watu wa kawaida walionunua hisa za jamii ambazo haziongezi kura. Uwanja unaingiza watu 4,400. Msimu wa kwanza wastani ulizidi watu elfu tatu, kisha ukashuka timu iliposhuka, na pia kwa sababu ya malumbano ya ndani ya mwaka 2016 ambayo yalibadili sura ya bodi na kuwakimbiza watu wema wa pande zote mbili. Klabu ya wanachama hugombana mbele ya watu; ya tajiri hugombana ofisini, nawe husomi habari zake mpaka zimeshaharibika.

Jumamosi moja ya Julai tuliitwa kuja kuusafisha uwanja. Kila mmoja alipewa brashi ya waya na ndoo ya rangi, nami nikapangiwa vyuma vya kushikilia kwenye jukwaa la kusimama nyuma ya goli, lile linaloitwa St Mary's Road End. Kutu ya Manchester haina mzaha. Mvua ya miezi tisa huingia chini ya rangi na kuinyanyua vipande vipande, kwa hiyo kwanza unakwangua mpaka chuma king'ae, kisha unapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha unasubiri, kisha ndipo unapaka nyekundu. Pembeni yangu mzee mmoja aliyekuwapo tangu mkutano wa kwanza wa 2005 alikuwa amepiga magoti akichomoa majani yaliyoota kwenye nyufa za zege kwa kisu cha jikoni. Tulifanya kazi hiyo asubuhi nzima tukibishana kama tunahitaji straika au kiungo. Yeye anasema kiungo. Amekosea, lakini alikwangua vyuma vingi kuliko mimi, hivyo nilimwachia neno la mwisho.

Tunahitaji straika. Daraja hili huamuliwa na mtu mmoja mwenye uwezo wa kufunga mabao ishirini, kwa sababu viwanja vya Novemba hadi Machi haviruhusu pasi nyingi fupi na mabeki wengi ni watu wazima waliocheza juu zaidi, wanaojua kusukuma bila refa kuona. Ukiwa na mfungaji unashinda bao moja kwa bila siku ambazo umecheza vibaya, na msimu wa mechi takriban arobaini una siku nyingi za namna hiyo. Misimu yetu ya karibuni tumekuwa tukicheza vizuri kwa dakika sabini na kupata sare. Nimechoka kupongezwa na mashabiki wa timu pinzani kwa namna tunavyopiga pasi.

Tatizo ni kwamba kumpata mfungaji na kumbakiza ni mambo mawili tofauti. Wachezaji wa ngazi yetu wana kazi zao. Ni waalimu, mafundi bomba, makocha wa watoto, wasambazaji wa vifurushi; hufanya mazoezi jioni mara mbili kwa wiki na kucheza Jumamosi, na Jumanne nyingine usiku huenda ugenini wakiwa wametoka kazini moja kwa moja. Wengi hawana mkataba wa muda mrefu. Klabu nyingine ikimtaka mchezaji asiye na mkataba inatoa notisi ya siku saba, na siku hizo zikipita iko huru kuzungumza naye. Kwa hiyo straika akifunga mabao manane kufikia Oktoba, sisi tunafurahi kwa wasiwasi, tukijua kwamba kuna mtu wa daraja la sita amekaa jukwaani na kofia yake akihesabu naye. Simlaumu mchezaji anayeondoka kwa pauni mia zaidi kwa wiki; kodi ya nyumba haisubiri falsafa ya klabu. Ninachoomba ni kwamba kocha ajaliwe walau uti wa mgongo wa timu ubaki pamoja hadi Krismasi: kipa, beki wa kati mmoja, kiungo mmoja na huyo mfungaji ambaye mzee wa kisu cha jikoni hamtaki.

Halafu kuna Kombe la FA. Huko nyumbani watu hulifahamu kuanzia Januari, timu za Ligi Kuu zinapoingia, lakini kwetu huanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba kwenye raundi za awali, na ili kufika raundi ya kwanza kamili inabidi ushinde mara nne. Kila ushindi una fedha yake, na kwa klabu isiyo na mfadhili fedha hizo huamua kama Februari mtaajiri mchezaji au mtauza. Zaidi ya fedha kuna kumbukumbu. Tarehe 5 Novemba 2010 FC United ilikwenda Rochdale, waliokuwa League One, ikaongoza mabao mawili kwa bila, ikarudishiwa yote mawili, kisha Michael Norton akafunga la tatu katika dakika za nyongeza huku kipa wa Rochdale akidai kwamba mpira ulipokonywa mikononi mwake. Nimeutazama mkanda wa bao lile mara nyingi na kila nikiutazama nazidi kuamini kwamba kipa alikuwa na haki ya kulalamika, na wala hainisumbui. Raundi iliyofuata timu ilipata sare ya bao moja kwa moja ugenini kwa Brighton, kipa wetu akaokoa penalti mwishoni, kabla ya kufungwa manne kwenye marudiano mbele ya watu zaidi ya elfu sita. Brighton hao sasa wako Ligi Kuu. Mimi sikuwapo, nilikuwa bado Tanga, na sikujua kama klabu hii ipo.

Mwaka huu ningeridhika kabisa na raundi ya kwanza kamili. Tulifika hapo mwaka 2015 tukafungwa na Chesterfield mbele ya kamera, tukafika tena Novemba 2020 tukafungwa na Doncaster Rovers mbele ya viti vitupu, kwa sababu ya korona. Hii ya pili hasa ndiyo inayodai fidia. Timu ya League One au League Two ije Moston siku ambayo jukwaa limejaa, bendera za kushonwa kwa mkono zimetandazwa uwanja mzima, na wenzetu waone kelele zetu zikoje tunapokuwa wengi.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nataka mchujo, wakati historia yetu ya mchujo ni mbaya kiasi cha kuchekesha. Miaka mitatu mfululizo, 2011, 2012 na 2013, FC United ilifika fainali ya mchujo wa daraja hilihili na kupoteza yote mitatu, kwa Colwyn Bay, kwa Bradford Park Avenue na kwa Hednesford Town. Mwaka 2014 ikatolewa nusu fainali na Ashton United, majirani ambao hadi leo hatuwezi kucheza nao bila kukumbushwa. Ndipo mwaka 2015 ikachoka na mchujo, ikatwaa ubingwa. Wazee wa jukwaa wakisikia neno mchujo hushika kichwa. Lakini mtu anayeshika nafasi ya tano amepata jambo ambalo wa kumi hana: Aprili yenye maana. Tangu niwe shabiki, Aprili nyingi zimekuwa za kuhesabu mechi ziishe. Nataka nijue uchungu wa kwenda ugenini kwa mshindi wa pili, mechi moja ya kufa na kupona, nikiwa na sababu ya kuomba ruhusa kazini.

Na hapa ndipo suala la fedha linapoingia, nami nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalogawa mashabiki wa ngazi zetu kuliko kiungo na straika. Wrexham walikuwa klabu ya wanachama kama sisi. Chama cha mashabiki wao kiliichukua ikiwa hoi, kikailipia madeni, kikaiweka hai kwa miaka, mpaka Novemba 2020 waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney walipobisha hodi, na zaidi ya asilimia 98 ya waliopiga kura wakakubali kuwauzia. Tangu hapo Wrexham wamepanda mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na sasa wako Championship. Siwezi kusimama mbele ya shabiki wa Wrexham na kumwambia kwamba alikosea. Macclesfield nao: klabu ya zamani ilifilisiwa na mahakama Septemba 2020 kwa sababu ya madeni, mfanyabiashara mmoja akanunua mali zake na kuanzisha mpya, na katika misimu minne wamepanda mara tatu. Ni vigumu kubishana na jedwali la msimamo.

Lakini upande wa pili wa mjadala huu kuna Bury, ambao uwanja wao tuliutumia kwa miaka tisa. Walikuwa kwenye ligi tangu 1894. Walipanda daraja mwishoni mwa Aprili 2019, mashabiki wakasherehekea, na Agosti ya mwaka huohuo wakafukuzwa kwenye ligi kwa sababu mmiliki hakuweza kuonyesha fedha za kuiendesha klabu. Mashabiki wamejenga upya kuanzia ngazi za chini, nao msimu huu wako daraja moja tu chini yetu. Watu waliokuwa wakiketi Gigg Lane tangu utotoni walikaa miaka minne bila mpira katika uwanja wao, na hakuna hata mmoja wao aliyepigiwa simu kuulizwa kabla fedha hazijatumika.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa mjadala huu. Simba na Yanga zimeupitia kwa sauti kubwa, na kanuni iliyowekwa ya wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji kutozidi 49 ni ushahidi kwamba serikali yenyewe iliona hatari. Tofauti ni kwamba Simba na Yanga zina mamilioni ya mashabiki na zinaweza kumwambia mwekezaji asubiri. Klabu yenye watu elfu moja na mia kadhaa mlangoni haina kiburi hicho. Tajiri akija, atakuja na fedha inayozidi mapato yetu ya miaka mitano, na atataka jibu kabla ya Krismasi. Msimamo wangu ni kwamba tumkatalie. Sitaki kupanda daraja kwa bei hiyo, na nimeliandika hili Julai, kabla matokeo mabaya hayajaanza kunishawishi vinginevyo. Kama kwa sababu hiyo tutabaki daraja la saba kwa miaka kumi mingine, basi tubaki, tukikwangua kutu.

Hata hivyo kukataa fedha za tajiri ni rahisi kuliko kujibu swali linalofuata, yaani fedha zitoke wapi. Jibu ni watu, na watu wetu wanazeeka. Waliokuwa na miaka arobaini kwenye mkutano wa 2005 sasa wana sitini. Kiwanja kikiwa na watu elfu moja na mia sita, ukitazama kutoka juu ya jukwaa utaona nywele nyeupe nyingi kuliko kofia za watoto. Na nje ya ukuta wa Broadhurst Park, kutoka Moston hadi Harpurhey na Newton Heath, mitaa imejaa familia zilizokuja karibuni: Wakongo, Wanaijeria, Wasomali, Wasudani, na sisi wachache wa Kiswahili. Watoto wao wanavaa jezi za Manchester City na United mitaani, wanacheza mpira kwenye nyasi za bustani hadi giza liingie, na wengi hawajawahi kukanyaga uwanja ulio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwao. Si kwamba wamefukuzwa. Sijawahi kutendewa vibaya kwenye jukwaa lile. Nimekaribishwa, nimefundishwa nyimbo, nimepewa brashi. Ni kwamba hakuna aliyewaambia kwamba mlango uko wazi, na mgeni hafungui mlango asioujua.

Matumaini yangu makubwa ya msimu huu, makubwa kuliko nafasi ya tano, yako hapo. Kwenye mkutano mkuu nataka nisimame nipendekeze mambo ya kawaida kabisa: vipeperushi vya mechi kwa Kifaransa, Kiarabu, Kisomali na Kiswahili kwenye makanisa, misikiti na maduka ya vyakula vya Kiafrika, mtu wa kuwapokea getini familia zinazokuja mara ya kwanza, na chakula cha mapumziko ambacho si lazima kiwe na nyama ya nguruwe. Kuna mama mmoja wa Bukavu anayepika sambusa ambazo zingeuzwa zikaisha kabla ya kipindi cha pili. Wapo wanachama watakaosema kwamba hii si kazi ya klabu ya mpira. Kwenye kanuni zetu za tangu mwanzo imeandikwa kwamba klabu itajenga uhusiano na jamii inayoizunguka bila ubaguzi, kwa hiyo nitawasomea.

Mjomba wangu wa Tanga bado haelewi. Kila nikimpigia simu huniuliza, "Hiyo timu yako wataionyesha lini Azam?" Nimemweleza kwamba haitaonyeshwa, kwamba mechi yetu ya ugenini na Whitby Town huchezwa kwenye mji mdogo wa pwani ambako upepo wa bahari unaweza kurudisha mpira wa goli kiki kwa aliyeupiga, na kwamba wakati wa mapumziko mashabiki hubeba bendera zao na kuhamia upande wa pili ili wasimame nyuma ya goli ambalo timu yao inashambulia. Hilo la mwisho lilimfurahisha. Alisema kwamba mchangani pia tulikuwa tukifanya hivyo, akanikumbusha viwanja ambavyo sasa vimejengwa nyumba.

Kwa wanaopenda utabiri, huu ndio wangu: nafasi ya tano kwa tofauti ya mabao, raundi ya kwanza kamili ya Kombe la FA ikiwa droo itatupa walau mechi mbili za nyumbani, na sare mbili na Ashton United zitakazoniharibia wiki mbili tofauti. Siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani zamu yangu ya usiku inaisha saa moja asubuhi. Nitalala hadi saa sita, nipande tramu hadi kituo cha Newton Heath and Moston, na kutoka hapo nitembee na watoto wawili wa jirani yangu Mkongo, ambao wameshauliza kama wanaruhusiwa kuja na jezi za City. Nimewaambia waje nazo, ila wasishangae wakirudi na skafu nyekundu.